Pengo Lenye Tarehe: Kidonge na Sindano kama Fani Mbili za Dawa Moja

Kijimfuko cha dawa kinachopokewa dirishani huko Kambove, kama kwingineko katika Haut-Katanga, hubeba mojawapo ya matini fupi kabisa anazoandikiwa mgonjwa wa skizofrenia: jina la dawa, uzito wake kwa miligramu, na hesabu iliyochorwa kwa kalamu, 2 × 1. Aliyezoea kuzisoma matini hizi anaifumbua mara moja: mara mbili kwa siku, kidonge kimoja kila mara. Lakini tukiitazama hesabu hiyo kwa subira tunayoupa ubeti wa shairi, tunaona kwamba haina alama ya usawa wala jibu. Mwenye malaria hupewa hesabu inayofungwa, kwa kuwa chini yake pameandikwa siku 3; mwenye kidonda kilichooza huandikiwa siku 5 au 7. Mwenye skizofrenia anakabidhiwa kuzidisha kusikokoma, kipande cha sentensi kinachosubiri kukamilishwa na mkono wake mwenyewe kila asubuhi na kila jioni, pengine kwa miaka yote aliyobakiwa nayo.

Kando ya kijimfuko hicho ipo matini ya pili, inayojulikana zaidi na mgonjwa wa sindano: fishi ya kituo cha afya, karatasi ngumu iliyokunjwa, yenye safu ya tarehe, safu ya dozi na nafasi ya saini ya muuguzi. Kila mstari unasimama badala ya mwezi mmoja. Tarehe ya mwisho imeandikwa kabla ya siku yake kufika, nayo ndiyo randevu; mbele yake dozi na saini bado ni weupe mtupu. Nakusudia kuzisoma matini hizi mbili pamoja na dawa zinazoandamana nazo, kidonge cha kila siku na sindano ya muda mrefu, kama tunavyosoma kazi yoyote iliyoundwa kwa ustadi. Zote mbili zina ustadi huo, na tofauti iliyopo baina yao, nionavyo mimi, ni tofauti ya fani kabla haijawa tofauti ya tiba.

Uhakiki wa Kiswahili umetulea katika kutenganisha fani na maudhui, kisha katika kukiri, kurasa chache baadaye, kwamba viwili hivyo havitengani. Mara nyingi ukiri huo unabaki kuwa imani tu, kwa sababu hatupati kazi mbili zenye maudhui yaleyale kabisa na fani tofauti kabisa tukaziweka mizanini. Haloperidoli inatupa nafasi hiyo. Ndani ya damu, haloperidoli iliyotoka kwenye kidonge na haloperidoli iliyotoka kwenye sindano ya mafuta ni molekuli ileile, inayoviendea vipokezi vilevile vya dopamini na kuzipunguza nguvu sauti zilezile ambazo mgonjwa anazisikia pasipo msemaji. Ujumbe haukuongezwa wala haukupunguzwa. Kilichobadilika ni mpangilio wa wakati: nani anautamka ujumbe huo, mara ngapi, mbele ya nani, na nini kinatokea usipotamkwa. Mpangilio huo nauita umbo-wakati, na ndio kitovu cha usomaji huu.

Historia ya umbo-wakati hili ni fupi kuliko tunavyodhani. Mwaka 1952 Jean Delay na Pierre Deniker, wa hospitali ya Sainte-Anne mjini Paris, walionyesha kwamba klorpromazini, ile inayojulikana kwa jina la Largactil, inatuliza wazimu bila kumlaza mtu fofofo. Haloperidoli ilitengenezwa Beerse, Ubelgiji, mwezi Februari 1958, na kundi la Paul Janssen. Na nasaba ya maabara ile inagusa nchi hii, kwani mwaka 1933 baba yake, Constant Janssen, alikuwa amepata haki ya kuuza dawa za kampuni ya Richter ya Budapest katika Ubelgiji, Uholanzi na Kongo ya Wabelgiji. Kwa miaka yote hiyo ya mwanzo, mgonjwa aliyerudishwa nyumbani alikuwa na umbo moja tu mkononi, la kila siku. Sindano ya kwanza ya muda mrefu, flufenazini enanteti, ilitokea 1966, ikafuatwa upesi na flufenazini dekanoeti, na Uingereza ikazianzishia kliniki maalumu zilizoendeshwa zaidi na wauguzi. Haloperidoli nayo ikapata umbo lake la dekanoeti, lililoidhinishwa Marekani mwaka 1986. Panapofuatwa majina ya Kibelgiji, sanduku lake husomeka Haldol Decanoas.

Mbinu iliyotumika kulipata umbo hilo inanivutia kuliko sehemu nyingine yoyote ya habari hii. Wanakemia hawakuligusa shina. Waliliongezea kiambishi tamati. Kwenye molekuli ya haloperidoli waliunga mkia wa asidi ya mafuta, mnyororo wa atomi 10 za kaboni, na kwa mkia huo dawa ikapoteza mapenzi yake kwa maji na kupata mapenzi ya mafuta. Kisha wakaiyeyusha katika mafuta ya ufuta. Mafuta yakisukumwa ndani ya msuli hayatawanyiki. Yanatulia pale kama akiba, na molekuli zinayatoka pole pole, chache baada ya chache. Zikishatoka, vimeng'enya vya mwili vinakikata kiambishi, shina linabaki lilivyokuwa, na haloperidoli huru inaanza kazi yake. Kasi ya tiba nzima inaamuliwa na hatua moja tu, ile ya kuondoka mafutani. Mengine yote yanafuata kwa haraka. Mtunzi yeyote angetamani uchumi wa namna hiyo, kwamba kwa badiliko moja dogo mwishoni mwa neno, mahadhi ya kazi nzima yanahama kutoka siku hadi mwezi.

Uchumi huo unadai utendaji wenye nidhamu yake, nao unastahili kutazamwa kwa karibu. Ampuli ina mililita moja ya kimiminika cha manjano kisichokwenda haraka. Muuguzi huivunja shingoni na kuvuta mafuta kwa sindano yenye tundu pana, kwa kuwa sindano nyembamba ya chanjo ingeyakataa. Kwenye sehemu ya juu ya tako, upande wa nje, anaivuta ngozi kando kwa ubavu wa kiganja na kuishikilia, kisha anachoma wima na kwa kina, anavuta bomba kidogo kuhakikisha hakuna damu, na anasukuma taratibu sana. Akimaliza anangoja kidogo kabla ya kuchomoa, na ndipo anaiachia ngozi irudi mahali pake. Kwa kurudi huko, njia iliyopitwa na sindano inavunjika, tabaka la juu halilingani tena na la chini, na mafuta hayana pa kutokea. Hasugui. Mwezi ujao atatumia upande wa pili. Kila tendo katika mfuatano huu lina sababu yake; ukiliondoa lolote, akiba inavuja, au inauma, au inafanya uvimbe mgumu unaobaki kwa wiki nyingi. Nimesoma tenzi zilizosifiwa sana ambazo haziwezi kujitetea hivyo beti kwa beti.

Wahakiki wa ushairi wetu hutofautisha mshororo kifu, unaokamilisha maana yake wenyewe, na mshororo mshata, usiokamilika mpaka umwagikie ule unaofuata. Kidonge ni mshororo kifu. Kinamezwa, kinafikia kilele damuni ndani ya saa 2 hadi 6, kinashuka hadi nusu kwa muda wa takriban siku moja, na kingine kinafuata kana kwamba cha kwanza hakikuwapo. Sindano ni mshata. Kilele chake kinakuja karibu na siku ya 6, nusumaisha yake ni takriban wiki 3, na kwa kuwa ya pili inachomwa kabla ya kwanza haijakwisha, miezi inaanza kubebana: usawa wa kweli damuni hupatikana baada ya miezi 2 hadi 4. Hata vipimo vinaonyesha tofauti hii. Anayetumia miligramu 5 kwa siku humeza miligramu 150 kwa siku 30, ilhali sindano yake ya mwezi kwa kawaida huwa baina ya miligramu 50 na 75, kwa kuwa kipimo cha siku huzidishwa kwa 10 hadi 15 tu. Kidonge hupita tumboni na kwenye ini kabla ya kufika kwenye mzunguko wa damu, na sehemu yake hupotea njiani. Sindano haipiti huko.

Kutokana na umbo hilo, sindano ina mwanzo dhaifu. Katika wiki za kwanza haijatosha, na mara nyingi vidonge vinaendelea sambamba nayo mpaka akiba ijijenge. Familia isiyoambiwa jambo hili huhukumu mapema kwamba sindano imeshindwa, na hukumu hiyo ni sawa na ya msomaji anayefunga kitabu kwenye utangulizi.

Kidonge, kwa upande wake, kina sifa ambayo watetezi wa sindano huipita haraka mno. Kinarekebishika. Dozi ikizidi, mgonjwa akikakamaa shingo au akishindwa kukaa kitako kwa sababu miguu inadai kutembea, kipimo cha kesho kinaweza kupunguzwa leo, na baada ya siku chache mwili umeshatii. Kidonge pia kinamweka mgonjwa katika nafasi ya mtendaji: ni mkono wake, maji yake, saa yake. Yuko mtu ambaye uangalizi huo mdogo wa kila asubuhi ndio heshima aliyobakishiwa na ugonjwa, na kumwondolea kwa jina la urahisi ni kumnyang'anya kitu. Wala kidonge kimoja kilichosahaulika si maangamizi, maana nusumaisha ya siku moja inafunika kosa la siku moja.

Kasoro yake imo mahali pengine, na ni kasoro ya fani hasa. Kidonge kisipomezwa, hakuna kinachoonekana. Mbaya zaidi, mwili unaweza kuutuza ukimya huo: siku chache baada ya kuacha, mkakamao unalegea, mate yanarudi kuwa ya kawaida, usingizi mzito wa mchana unaondoka, na mgonjwa anajisikia mwepesi kuliko alivyokuwa akitii. Sauti hazirudi siku hiyo wala kesho yake. Zinaweza kurudi baada ya wiki au miezi, na zinaporudi hakuna anayeunganisha kuja kwake na kijimfuko kilichobaki kimejaa juu ya kabati. Matini ya 2 × 1 ina udhaifu huu wa ndani, kwamba inamlipa anayeiruka na kumchelewesha hati ya deni. Ukosefu wa aina hiyo nauita pengo bubu. Haumaanishi uzembe wa mgonjwa. Ugonjwa wenyewe mara nyingi humwondolea mtu uwezo wa kuona kwamba anaumwa, na fani inayotegemea utambuzi huo mara mbili kwa siku imejengwa juu ya nguzo ambayo ugonjwa umeanza kuing'oa.

Pengo la sindano lina tarehe. Mstari wa fishi ulioandikwa mapema unabaki mweupe, na weupe huo unasomeka kwa mtu wa pili, muuguzi, ambaye hakulazimika kumwuliza mgonjwa wala kumshuku. Na hapa fani na kemia vinasaidiana kwa namna ninayoiona kuwa bora kuliko zote katika kazi hii: siku ambayo pengo linaonekana, dawa bado ipo mwilini. Akiba ya mafuta inapungua kwa wiki, haikatiki kwa saa, kwa hiyo baina ya kukosa na kuanguka kuna kipindi cha neema ambacho mtu anaweza kutumwa nyumbani, dada au mjomba anaweza kuulizwa, nauli inaweza kutafutwa. Kwa kidonge, habari ya pengo na habari ya maanguko hufika pamoja, tena kwa kawaida usiku, na kelele.

Kambove ni mahali pazuri pa kuisoma tofauti hii, kwa sababu ni mji uliofundishwa wakati na mgodi. Reli iliufikia mwaka 1913, kampuni ya Union Minière ikiwa na umri wa miaka saba, na tangu hapo hadi enzi ya mrithi wake, Gécamines, maisha ya mfanyakazi yalipangwa kwa mizunguko miwili: zamu, inayorudi kila siku, na mshahara pamoja na posho, vinavyorudi kila mwezi. Kampuni ilitoa pia matibabu, na familia nyingi zilijua daktari kupitia kazi ya baba. Mizunguko hiyo ilivunjika. Gécamines ilidhoofika katika miaka ya 1990, na kuanzia 2003 zaidi ya wafanyakazi 10,000 wa kampuni katika Katanga waliondoka kwa mpango uliogharamiwa na Benki ya Dunia, wakabaki na malipo ya mara moja. Vijana waliofuata wanachimba kwa mikono, na mchimbaji wa mikono hana zamu wala siku ya mshahara. Anafuata habari za madini kutoka Kambove hadi Likasi, hadi Fungurume, hadi Kolwezi, akilala palipopatikana. Ni umri uleule, baina ya miaka ya mwisho ya utineja na thelathini na kitu, ambapo skizofrenia huanza kwa wengi.

Kijana wa aina hiyo hana kabati la kuwekea kijimfuko. Fani ya kidonge inamchukulia kuwa na nyumba, meza, chakula cha saa maalumu na mtu anayemwona akimeza, na inamtaka awe navyo kila siku. Fani ya sindano inamtaka awe na mahali pamoja pa kurudi, mara moja kwa mwezi. Kurudi mara moja kwa mwezi, hata kutoka Fungurume, kunawezekana kwa mchimbaji, na mji uliozoea kungoja mwisho wa mwezi unaielewa kalenda hiyo bila kufundishwa. Lakini lazima pawe na kitu cha kurudia. Kituo maalumu cha magonjwa ya akili, Centre Neuropsychiatrique Docteur Joseph Guislain, kiko Lubumbashi, chini ya Frères de la Charité, shirika lililoanzishwa Ghent mwaka 1807. Kutoka Kambove hadi Likasi ni takriban kilomita 25, na kutoka Likasi hadi Lubumbashi ni takriban 120 nyingine. Mgonjwa akilazimika kusafiri umbali huo kila mwezi kwa ajili ya mililita moja ya mafuta, katika mvua za Novemba hadi Aprili, na kwa nauli inayotoka mfukoni mwa mama yake, basi fani tuliyoisifu inageuka kuwa kidonge kikubwa, kinachosahauliwa kwa bei ghali zaidi. Sindano inafaa Kambove pale tu ampuli, mkono uliofunzwa na fishi vinapokaa Kambove.

Hoja yangu kwamba tofauti ni ya fani inapata uthibitisho mahali pasipotarajiwa, katika ugomvi wa tafiti. Mwaka 2011 Robert Rosenheck na wenzake, wakifanya kazi katika hospitali za wanajeshi wastaafu wa Marekani, waliwagawa wagonjwa kwa kura baina ya sindano ya risperidoni na vidonge, na hawakuona sindano ikishinda. Mwaka 2017 Jari Tiihonen na wenzake walifuatilia kumbukumbu za wagonjwa 29,823 nchini Uswidi, wakimlinganisha kila mgonjwa na yeye mwenyewe katika vipindi tofauti vya dawa, na wakakuta hatari ya kulazwa tena iko chini kwa asilimia 20 hadi 30 katika vipindi vya sindano kuliko katika vile vya vidonge vya dawa ileile. Wengi wanazichukua tafiti hizi kuwa ushahidi unaopingana. Mimi nazisoma kama ushahidi mmoja. Jaribio la kura humwita mgonjwa mara kwa mara, humpigia simu, humuuliza vidonge vimebaki vingapi. Kwa maneno mengine, humkopesha mtumiaji wa kidonge fishi ya sindano. Kidonge kikishapata shahidi, pengo lake linaacha kuwa bubu, na faida ya sindano inayeyuka. Katika maisha ya kawaida, ambako hakuna anayehesabu, faida hiyo inarudi. Kama dawa yenyewe ingekuwa na nguvu zaidi ndani ya mafuta kuliko ndani ya kidonge, ingeshinda popote ilipopelekwa.

Watafiti wa Muhimbili, Dar es Salaam, pamoja na wenzao wa Marekani, walilifikia jambo hili kwa vitendo. Katika jaribio dogo lililochapishwa 2022, waliunganisha sindano ya muda mrefu na mazungumzo yaliyopangwa kufuatana na sababu za kila mgonjwa za kuacha dawa, kwa watu waliokuwa wakiacha mara kwa mara. Ufuasi ulipanda na dalili zilipungua. Jaribio halikuwa na kundi la kulinganishia, kwa hiyo halitenganishi kazi ya mafuta na kazi ya maneno. Kwangu hilo si upungufu mkubwa, kwa sababu sioni namna sindano nzuri inavyoweza kuchomwa pasipo maneno.

Kuhusu maumbo mapya sina mengi. Paliperidoni palmiteti, iliyoingia sokoni Marekani mwaka 2009, imeacha mafuta na kutumia fuwele ndogo sana zinazoelea majini, na sasa ipo ya miezi mitatu na hata ya miezi sita. Ni kazi safi, ila bei yake inaiweka mbali na Kambove. Risperidoni ya mwanzo ya muda mrefu inadai friji na wiki tatu za vidonge kabla haijaanza kutoa dawa ya kutosha. Olanzapini ya sindano inamtaka mgonjwa akae chini ya uangalizi kwa saa 3 kila anapochomwa, kwa kuwa mara chache hupenya damuni ghafla na kumpumbaza. Ampuli ya mafuta ya ufuta haidai friji wala saa tatu za kungoja, na kwa mji ambao umeme haukai, huo ni ubora wa fani vilevile.

Lipo jambo zito zaidi, na uhakiki unaoishia kwenye uzuri wa mbinu ungekuwa umelikwepa. Kidonge kinaweza kutemwa. Sindano haiwezi. Katika nchi hii sindano ina kumbukumbu ndefu ya dola: katika kampeni za kupambana na malale, utawala wa Wabelgiji uliwapanga wanakijiji foleni, ukawachoma atoksili iliyowapofusha baadhi yao, baadaye triparsamidi, na kisha pentamidini kama kinga kwa watu ambao hawakuwa wakiumwa, na ili kusafiri, watu walidaiwa hati ya kitabibu. Fishi tunayoisifu ina ukoo na hati ile. Wakati huohuo sindano ina heshima kubwa machoni pa wagonjwa wengi, ambao hutoka hospitalini wamevunjika moyo wakipewa vidonge peke yake. Hofu na heshima hizo mbili zinakaa ndani ya mtu mmoja, na muuguzi anayeinua bomba anazigusa zote. Mgonjwa akishikwa na kaka zake wawili ili achomwe, mafuta yatafanya kazi yao kwa mwezi mzima, lakini mwezi utakaofuata mstari wa fishi utabaki mweupe kwa sababu ambayo kemia haiwezi kuiponya.

Kutotemeka huko kunaipa tiba sheria ya utunzi ambayo haipaswi kuvunjwa: kidonge ni rasimu, sindano ni chapa. Mgonjwa ajaribiwe kwanza na haloperidoli ya mdomo, ionekane kama mwili wake unaivumilia, dozi itafutwe huko ambako kosa linafutika kwa siku chache. Anayechomwa mafuta bila rasimu, kisha akapatwa na mtetemeko, au na ule usumbufu wa miguu isiyotulia unaoweza kumfikisha mtu kwenye kukata tamaa, hana wa kumchomolea. Atakaa nao kwa wiki, akimeza Artane, dawa ya kupunguza makali hayo. Na miondoko ya midomo na ulimi inayoweza kujitokeza baada ya miaka ya dawa hizi, iwe za kumeza au za kuchomwa, mara nyingine haiondoki hata dawa ikiachwa. Atakayeona dalili zake za kwanza ni yule anayemtazama mgonjwa usoni kila mwezi, ikiwa anamtazama.

Hapo ndipo ninapoiona kasoro ya matini zote mbili tulizoanza nazo. Katika 2 × 1 hamna mahali pa mgonjwa kusema lolote. Katika safu za fishi, tarehe, dozi na saini vyote ni vya muuguzi. Sindano ni fani isiyorekebishika ndani ya mwezi. Inarekebishika tu baina ya mwezi na mwezi, na kwa marekebisho hayo hakuna chanzo kingine isipokuwa maneno ya aliyeibeba mwilini kwa wiki nne. Fishi ingeongezewa safu moja, kabla ya ile ya dozi na si baada yake, ambamo muuguzi anaandika kwa maneno ya mgonjwa mwenyewe, katika Kiswahili chake cha Kambove: amelala vipi, mikono inakakamaa au haikakamai, sauti zimesema nini na kwa nguvu gani, anataka kuendelea au anataka kurudi kwenye vidonge. Safu hiyo haigharimu kitu isipokuwa mstari mmoja wa rula na dakika tano za kusikiliza, na dozi iandikwe tu baada ya safu hiyo kujazwa.